Mtoto kiziwi hajumuishwi kwa kupewa dawati tu

Miezi kadhaa iliyopita nilizuru shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja kwa jina, kwa shughuli ya utafiti kuhusu kusoma na kuandika. Mwalimu mkuu alinipokea kwa bashasha. Kabla hatujaingia ofisini alinionyesha njia ya saruji iliyopanda taratibu kando ya vidato vya mlangoni, iliyojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, kisha akanionyesha choo chenye mlango mpana na vishikizo vya chuma ukutani.

"Shule yetu ni jumuishi, Daktari," akaniambia. "Tunao watoto watatu wenye ulemavu, na mmoja wao ni kiziwi. Hapa hatumfukuzi mtu."

Nilimpongeza, na pongezi hizo zilitoka moyoni. Sote tunazijua shule ambazo mzazi wa mtoto kama huyo hujibiwa langoni kwamba nafasi zimejaa, ilhali jirani yake aliyekuja nyuma yake anaandikishiwa mtoto siku hiyo hiyo.

Baadaye niliketi nyuma ya darasa la Gredi ya Nne. Mvulana yule kiziwi alikuwa ameketi katika dawati la mbele kabisa, akimkabili mwalimu, kama inavyoshauriwa vyuoni. Watoto darasani walizidi hamsini. Mwalimu, kijana mwenye bidii, alikuwa akifundisha kuhusu vyanzo vya maji. Aliuliza, watoto wakajibu kwa pamoja. Akamsahihisha mmoja, wenzake wakacheka. Akaugeukia ubao akiandika huku akiendelea kusema. Mvulana alinakili kila kilichoandikwa ubaoni. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mtoto yeyote niliyemwona siku hiyo, na daftari lake lilijaa alama za vyema kwa wino mwekundu. Wakati wa mapumziko nilichukua karatasi nikamwandikia: "Jina lako ni nani?" Aliitazama karatasi, akanitazama, kisha akainama na kuandika chini yake, kwa hati ile ile ya kupendeza: "Jina lako ni nani?" Akanirudishia karatasi akitabasamu. Alikuwa akingoja alama ya vyema.

Nimelitafakari jambo hilo tangu siku ile. Mtoto huyu alikuwa ameandikishwa, ameketishwa mbele, amepewa daftari na sare, na jina lake lilisomwa katika rejista kila asubuhi ijapokuwa hakulisikia. Kwa hesabu za serikali alikuwa mwanafunzi aliyejumuishwa. Kwa hakika alikuwa peke yake katika darasa la watu hamsini na kitu. Dai langu katika makala haya ni kwamba shule haiwezi kuitwa jumuishi kwa mwanafunzi ambaye lugha yake haimo humo, na kwamba kwa mtoto kiziwi ukosefu huo ni mzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu aghalabu shule ndiyo mahali pa kwanza anapoweza kuipata lugha yoyote ile.

Naomba msomaji anivumilie nilieleze hili kwa njia ya taaluma yangu. Mtoto anayesikia hafundishwi lugha ya nyumbani kwao. Huiokota. Mama anapopika, nyanya anapogomba, ndugu wanapogombania kiti, yote hayo humwingia masikioni, na ifikapo miaka mitano tayari ana sarufi kamili ambayo sisi wanaisimu hutumia maisha yetu yote kujaribu kuieleza. Mwalimu wa darasa la kwanza hufanya kazi yake juu ya msingi huo. Anamfundisha mtoto kuandika maneno anayoyajua na kuzisoma sentensi ambazo angeweza kuzisema mwenyewe.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi, au aliyepoteza usikivu mapema kwa homa ya uti wa mgongo, hana cha kuokota. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na sioni sababu ya kudhani kuwa hali kwetu ni tofauti sana. Wazazi hao wanampenda mtoto wao na wanabuni naye ishara chache za nyumbani: ya kula, ya kulala, ya kwenda kuteka maji, ya kiboko. Ishara hizo hutosha kumtuma mtoto dukani. Hazitoshi kumweleza kwa nini babu hakuamka asubuhi, wala kumwuliza ameota nini. Mtoto huyo anapofika shuleni akiwa na miaka saba, mwalimu anamfundisha kuandika maneno ya lugha ambayo hajawahi kuwa nayo. Akiwa na akili nzuri, atayachora maneno hayo kama tunavyochora picha. Hilo ndilo alilokuwa akilifanya mvulana wa Gredi ya Nne.

Wapo wanaosema, "Na asome midomo." Ushauri huu hutolewa kwa wepesi na watu ambao hawajaujaribu. Ewe mwalimu unayesoma haya, simama mbele ya kioo uyatamke bila sauti maneno haya matatu: baba, mama, papa. Midomo hufanya kitendo kile kile kwa yote matatu. Tofauti ya b, m na p iko kooni na puani, mahali ambapo jicho halifiki. Kiziwi aliyewahi kusikia na kuijua lugha anaweza kukisia kutokana na muktadha. Asiyewahi kuijua hana muktadha wa kumsaidia, na kwake mzazi wake hana tofauti na samaki wa baharini.

Imani hii ya kusoma midomo ina historia, na historia hiyo si ya kujivunia. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana katika mji wa Milan, Italia, wakapitisha azimio kwamba viziwi wafundishwe kwa matamshi na kwamba ishara ziondolewe madarasani. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Azimio hilo lilitawala elimu ya viziwi kwa zaidi ya nusu karne katika nchi nyingi, na wakati shule zetu za kwanza za viziwi zilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Nyang'oma na Mumias, fikra hiyo ililetwa kama ilivyokuwa. Kiziwi alitakiwa atamke. Mikono ilipaswa kutulia. Waliosoma siku zile husimulia jinsi ishara zilivyosemwa kwa siri mabwenini, mwalimu wa zamu akiisha kupita.

Wengi wetu wa umri wangu tunaitambua hadithi hiyo, maana nasi tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na ukoloni. Lakini kuna tofauti moja ambayo haitupasi kuisahau. Sisi tulipovuliwa kibao tulirudi nyumbani na kuikuta lugha yetu ikitungoja jikoni. Kiziwi hakuwa na lugha iliyomngoja nyumbani. Ile ya bwenini ndiyo aliyokuwa nayo peke yake.

Ni mabweni hayo, licha ya makatazo, yaliyoikuza Lugha ya Ishara ya Kenya. Watu wasioijua hudhani kuwa ni Kiswahili au Kiingereza kilichohamishiwa mikononi, au kwamba viziwi wote duniani husema lugha moja. Mambo yote mawili si kweli. Tangu William Stokoe alipochapisha uchanganuzi wake wa ishara za Wamarekani mwaka 1960, wanaisimu wamekubali kwamba lugha za ishara zina mfumo kamili: umbo la kiganja, mahali pa ishara, mwendo wa mkono na uelekeo wake hufanya kazi ambayo sauti hufanya katika lugha zetu, na uso wenyewe ni sehemu ya sarufi, hata kuinua nyusi kunaweza kugeuza taarifa kuwa swali. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa lugha hii mwaka 1991, na marehemu Profesa Okoth Okombo alikuwa miongoni mwa wanaisimu wetu waliosisitiza mapema kwamba hii ni lugha kama lugha nyingine. Nami huongeza jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Katika nchi hii ambapo ukimsikia mtu akisema neno la pili tayari umekwisha kukisia kabila lake, kiziwi wa Kisumu na kiziwi wa Mombasa hukutana wakazungumza, na ishara zao hazitoi siri ya kabila la yeyote.

Katiba ya 2010 ililiona hili. Kifungu cha 7 kinaiagiza Serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na lugha za kienyeji na maandishi ya Breli. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Na kifungu cha 120 kinaitaja kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Tumeipeleka lugha hiyo Bungeni kabla ya kuipeleka Gredi ya Nne.

Sasa nifike palipo na ubishi. Neno "ujumuishi" limeenea sana katika hotuba zetu tangu mkutano wa Salamanca, Uhispania, mwaka 1994, na wapo maofisa, tena wenye nia njema, wanaolifasiri kwa maana moja tu: kila mtoto aende shule iliyo karibu na kwao, na shule maalumu zifungwe polepole. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu fasiri hiyo ni sahihi. Mjengee njia, mpanulie mlango, na lugha ya darasani atajikuta anayo tayari. Kwa mtoto kiziwi fasiri hiyo ni balaa. Ukiwachukua watoto viziwi thelathini wa wilaya moja ukawatawanya katika shule thelathini, kila mmoja kwenye dawati lake la mbele, umewatenga thelathini hao kwa siku moja, na ukaita kazi hiyo ujumuishi.

Lugha huishi penye watu wa kuisema. Nchini Nicaragua, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walikusanywa kwa mara ya kwanza katika shule za mji wa Managua. Walimu waliwafundisha Kihispania cha midomoni bila mafanikio makubwa. Watoto wenyewe, uwanjani na ndani ya mabasi, waliziunganisha ishara zao za nyumbani, na wadogo waliofuata wakazitia sarufi, hata ikazaliwa lugha mpya kabisa mbele ya macho ya wataalamu. Hakuna aliyewafundisha lugha hiyo. Kilichohitajika ni watoto kukaa pamoja. Kila mmoja wao, alipokuwa peke yake kwao, hakuwa ameweza kuibuni.

Waliotunga maazimio ya Salamanca hawakuwa wajinga wa jambo hili. Waraka wao, huo huo unaotajwa kila mara kuunga mkono kuwatawanya watoto, unatamka kwamba kwa sababu ya mahitaji yao ya mawasiliano, huenda viziwi wakafaa zaidi kufundishwa katika shule maalumu au katika madarasa na vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka katika kifungu chake cha 24 lugha ya ishara ifundishwe na utambulisho wa kilugha wa viziwi uendelezwe. Nashuku kwamba wengi wanaozitaja hati hizi jukwaani wamesoma jalada.

Sitaki kueleweka kana kwamba ninazisifu shule maalumu zetu zote. Baadhi yake zimejengwa mbali na watu kana kwamba kuna jambo la kufichwa. Mtoto hupelekwa bweni akiwa mdogo mno, akirudi likizoni anakuta hana neno la kumwambia mama yake, wala mama hana la kumwambia. Karo na nauli huwashinda wazazi wengi. Na zipo shule za viziwi ambamo mwalimu aliyeletwa hajui ishara zaidi ya salamu, akategemea wanafunzi wakubwa wamfasirie. Mzazi aliyenikabili katika mkutano mmoja akasema, "Mwalimu, wewe unataka nimpeleke mwanangu wa miaka sita mbali, akalelewe na nani?" alikuwa na haki kamili ya kukasirika, na jibu nililompa siku hiyo lilikuwa dhaifu.

Jibu ambalo ningempa leo ni hili. Katika kila eneo, badala ya shule ishirini zenye kiziwi mmoja mmoja, na iwepo shule moja ya kawaida ya kutwa yenye kitengo cha viziwi kumi na watano au ishirini, walimu wawili au watatu wanaoijua lugha barabara, na angalau mmoja wao awe kiziwi mwenyewe. Huyu wa mwisho wengi humwona kama pambo. Mimi namwona kuwa ndiye kitovu, kwa sababu mtoto kiziwi ambaye hajawahi kumwona mtu mzima kiziwi hana picha ya yeye mwenyewe akiwa mtu mzima. Watoto hao washiriki gwaride, michezo, chakula na baadhi ya masomo na wenzao, wakiwa na mkalimani. Wenzao wanaosikia nao wafundishwe ishara tangu chekechea, muda mfupi kila wiki. Watoto huzishika haraka kuliko walimu wao. Wazazi waitwe kila Jumamosi wafundishwe lugha ya watoto wao, na wasiachiwe jukumu hilo peke yao. Nauli ya kuwafikisha watoto ishirini katika shule moja ni gharama, nakiri. Kumweka mtoto miaka minane akinakili ubao pia ni gharama, ila hiyo haiandikwi katika bajeti yoyote.

Kuna jambo dogo la utawala ambalo huharibu mengi. Mwalimu hutumia miaka kuijua lugha ya ishara, pengine baada ya kuhudhuria masomo katika Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986. Kisha siku moja hupandishwa cheo au kuhamishwa kwa barua ya mistari minne, na kitengo chote kikabaki kimya. Hakuna anayemhamisha mwalimu wa fizikia akamleta wa historia kufundisha fizikia. Ustadi wa lugha ya ishara na uandikwe katika faili ya mwalimu kama somo lake, na nafasi yake ijazwe na mwenye ustadi huo huo.

Nisije nikaonekana kuwanyoshea walimu wa msingi kidole peke yao. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha fonetiki mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa mkimya sana. Kazi ya kila wiki ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika kwa alama za kifonetiki. Alifanya vibaya, nami nikaandika pembeni mwa kazi zake, kwa ukali, "Huna bidii." Ilikuwa wiki ya kumi na moja nilipogundua kwamba hakuwa akisikia kwa sikio moja na kwamba la pili lilikuwa dhaifu, na kwamba alikuwa akiketi mbele kunisoma midomo huku mimi nikifundisha nikiwa nimeuelekea ubao. Mimi, mtaalamu wa sauti za lugha. Hakuwa amelalamika kwa sababu tangu shule ya msingi alikuwa amezoea kwamba kosa ni lake.

Na wale watoto wengine hamsini wa Gredi ya Nne? Baadhi yao, wanaosikia vizuri, pia walikuwa wakiitikia kwa pamoja maneno wasiyoyaelewa. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya kwanza, na mtaala wa sasa una msimamo kama huo. Shule nyingi huanza Kiingereza siku ya kwanza kwa sababu wazazi wanakitaka na mtihani unakitumia. Hilo linahitaji makala yake. Nalitaja tu ili walimu wenzangu wajue kwamba kiziwi anatuonyesha kwa uwazi tatizo ambalo kwa wengine limefichwa na kelele za "Ndiyo, mwalimu."

Nilipoondoka shuleni siku ile nilimwonyesha mwalimu mkuu ile karatasi yenye swali lililoandikwa mara mbili. Aliiangalia kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mwungwana na hakujitetea. Aliniuliza kama ningeweza kumpatia mwalimu wa ishara, nikamwambia sina uwezo huo. Akauliza ni wapi panapokaribia zaidi penye viziwi wengine. Tukatafuta, tukapata kitengo mwendo wa saa moja kwa matatu. Alimwita nyanya wa mtoto, ambaye ndiye mlezi wake, wakazungumza.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Mtoto amehamia huko, ameketishwa na watoto wa Gredi ya Kwanza ijapokuwa ana miaka kumi na mmoja, na nyanya yake hupanda matatu naye kila Jumatatu na kumfuata Ijumaa, katikati ya juma akilala kwa jamaa wa karibu na shule. Hati yake imeharibika kidogo, akasema mwalimu mkuu, kwa sababu sasa anaandika kwa haraka. Na wenzake wamempa jina la ishara, lake mwenyewe, ambalo mwalimu mkuu alijaribu kunieleza katika simu akashindwa.